Mbithe Aliyevunja Uwanja wa Ngoma

Wenye masikio, sogeeni. Wenye kelele, mezeni. Haya. Ilikuwa kale, kale ya kale, mawe yakiwa hayajapewa majina. Msiniulize mwaka. Kalenda yenyewe ilikuwa haijazaliwa.

Chini ya kilima cha Kaundu kulikuwa na kisima kimoja. Juu ya kilima kulikuwa na uwanja wa ngoma. Uwanja gani huo! Ulisiribwa kwa udongo wa kichuguu na mavi ya ng'ombe, ukatwangwa kwa michi, ukatwangwa kwa miguu, mpaka ukang'aa kama kipara cha baba yako, wewe unayecheka. Mtu akiruka sarakasi pale, hachubuki hata goti. Majirani walikuja kuutazama na kurudi kwao na wivu. Na kila mwaka watu wa Kaundu waliupanua. Hatua kumi, hatua ishirini, mpaka kilima kizima kikawa uwanja.

Mvua ikinyesha, maji yanateleza kama mafuta juu ya ngozi. Yanashuka kwa fujo, yanapita kisima bila hata hodi, yanatokomea bondeni. Kisima kikapungua. Kikapungua. Asubuhi moja mjane aliyeitwa Mbithe akatupa kokoto ndani. Likasemaje?

*Ko!*

Kavu.

Wazee wakaketi. Mnajua wazee wakiketi: wakala mbuzi, wakasifiana, wakajamba, kisha mkubwa wao, Ngumbau, akatangaza, "Kisima kimekufa. Tunahama."

"Hakijafa," Mbithe akasema. "Kina njaa. Si mnafukua mchanga wa mto mkavu mnapata maji? Mnadhani nani aliyaficha pale? Yalizama. Vunjeni uwanja, mvua izame kilimani, nayo itatokea kisimani."

"Asi!" Ngumbau nusura ameze ugoro. "Tuvunje uwanja wa babu zetu tufanye nini, shamba la viazi vitamu?"

"Mtacheza na kiu?"

"Jamani, upweke umempanda huyu mama kichwani!"

Wakacheka. Na aliyecheka kwa sauti kuliko wote, ndilo lililomchoma Mbithe, alikuwa Kavata, bintiye wa pekee, aliyeolewa na mwana wa Ngumbau.

Siku ya kuhama Kavata alibaki nyuma kidogo, mtungi kichwani.

"Mwaitu, mama yangu, twende. Utakaa na nani?"

"Na kisima."

"Basi maji yakirudi, choma majani mabichi kilimani. Tukiona moshi tutakuja." Akatazama chini. "Lakini usituite bure, mwaitu. Kuna watoto. Kurudi hapa pakiwa pakavu ni kufa."

Akaenda. Vumbi likatua. Hata mbwa walikwenda.

Mbithe akachukua mti wa kuchimbia, akapanda kilimani. *Tu! Tu! Tu!* Ngozi ya viganja ikatoka, na hapakuwa na wa kumwambia pole. Akachimba mashimo, akayajaza nyasi, akapanga mawe kukata mteremko. Maji ya kunywa aliyafuata mtoni, mwendo wa nusu siku, akikwangua mchanga apate kibuyu kimoja. Mtu mmoja, kibuyu kimoja. Alikuwa akihesabu mashimo kwa sauti, asikie tu mtu akiongea.

Mvua ya kwanza ikaja. Akachomeka mti ardhini, akauchomoa, akaupima mguuni: unyevu mpaka goti. Akatupa kokoto.

*Ko!*

Maji ya chini hayakimbii, wanangu. Yanajipenyeza kati ya punje na punje. Mizizi inakunywa kwanza. Udongo mkavu nao unashika fungu lake. Kinachobaki ndicho kinachoshuka, polepole, mpaka kikutane na mwamba. Mwamba unakikatalia, ndipo kinageuka na kutambaa pembeni, kikitafuta kisima. Mbithe hakuona lolote kati ya hayo. Aliona shimo kavu tu.

Mvua ya pili. Unyevu mpaka nyonga. Kokoto?

*Ko!*

Adhuhuri moja hakuweza tena. Akakusanya majani mabichi, akaweka kaa la moto. Moshi ukainuka mwembamba kama uzi. Waje, akajiambia. Waje tu nimwone mwanangu uso. Kisha akakumbuka: kuna watoto. Akaruka juu ya ule moto kwa nyayo zake mwenyewe, akaukanyaga mpaka ukazima. Kwa mwezi mzima alikwenda mtoni akichechemea.

Mvua ya tatu ikaja, ikaondoka. Mti ukazama wote, pasipatikane udongo mkavu. Akashuka kisimani. Akatupa kokoto. Kimya.

*Chubwi!*

Akageuka haraka amwambie mtu. Hapakuwa na mtu.

Hata hivyo hakuwasha moto. Alichota kutwa nzima, akimwagia mashimo yale yale, aone kama maji yatakatika. Kesho yake akatupa kokoto. *Chubwi!* Ndipo akachoma majani. Siku ya kwanza hakuja mtu. Ya pili, hakuja mtu. Ya tatu, ya nne, moshi na yeye, yeye na moshi.

Siku ya tano wakatokea, wembamba kama fito. Ngumbau hakuwemo, walimzika ugenini. Kavata alikuwa mbele. Akapiga magoti, akanywa, akanywa tena, akamtazama mamake.

"Mwaitu, maji haya yalikuwa wapi siku zote hizo?"

Mbithe akafungua mdomo. Sauti ilikuwa imeota kutu.

"Yalikuwa njiani," akasema. "Kama wewe."

Ndiyo maana mpaka leo watu wa Kaundu wanacheza kwenye nyasi, magoti yakichubuka, na hakuna anayenung'unika. Lakini ninyi! Mnamwaga saruji kutoka mlangoni hadi barabarani, kisha mnalia bomba limekauka. Mvua mmeiachia ipite wapi, puani mwenu? Na mkimwona mtu anachimba peke yake, kabla ya kucheka, muulizeni anachimba nini. Mumpe pole ya viganja.

Kisa changu nimekimwaga, kizame taratibu. Inukeni, mkanyage kwa upole.