Ngiri Aliyefunga Kazi Zake Mkiani

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo pakawa ni ya wangapi? Nasikia sauti tatu na simu mbili. Rudieni. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmefika. Kaeni vizuri kwenye mkeka. Hadithi haina haraka, hata kama ninyi mnayo.

Hapo zamani za kale, wakati wanyama wote wakiamkiana asubuhi na kujuliana hali, palikuwa na Ngiri. Ngiri huyu alikuwa na mke, Mama Kichuguu, na watoto watatu: Kichuguu, Vumbi, na kitinda mimba wao, Tope. Majina msiyacheke. Hata wewe Shomari, jina lako tungeweza kulicheka tukitaka.

Ngiri alikuwa fundi wa mbio. Asubuhi aliwafundisha swala wadogo kukimbia. Mchana alijifua mwenyewe, maana aliapa kwamba kiangazi kikifika atamshinda Nyumbu mbele ya mbuga nzima. Jioni alikuwa baba.

Na baba ngiri ana kazi moja kubwa. Nyasi za mbugani ni ndefu, na vitoto vya ngiri ni vifupi. Kwa hiyo wakati wa kurudi nyumbani baba hutangulia, mkia ameusimamisha wima juu ya nyasi, na watoto huufuata ule mkia. Anayeuona anafika shimoni. Asiyeuona ni kitoweo cha Chui.

Sasa Ngiri alikuwa na maradhi ya kusahau. Mara ya kwanza aliwasahau swala, wakasimama uwanjani mpaka jua likawababua pua. Mara ya pili alianza mazoezi yake kwa kasi, akafika katikati ya mbuga, akasahau anakwenda wapi, akarudi kuuliza. Mara ya tatu aliwasahau watoto. Mama Kichuguu aliwakuta kichakani jua likizama, wameshikana mikia wanatetemeka.

Mama Kichuguu hakupiga kelele. Alimwambia mumewe kwamba mshika mawili moja humponyoka, na yeye ameshika matatu. Apunguze. Huo ubingwa amwachie Nyumbu, ambaye hana la kufanya.

Ngiri akajibu kwamba kazi si nyingi. Tatizo ni mpangilio.

Akaenda kwa Karani Tamba. Mnamjua? Yule ndege mwenye miguu mirefu, na manyoya nyuma ya kichwa utadhani kalamu zimechomekwa sikioni. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha wenzake kupanga maisha, na malipo yake panzi. Yeye mwenyewe kiota chake kilikuwa rundo la vijiti juu ya mgunga, mayai huku, mifupa ya nyoka kule. Mganga hajigangi, na wateja hawapandi juu kuangalia.

Karani Tamba akatembea mbele, akatembea nyuma, akasema, "Kila kazi ifungie unyasi mkiani. Kilichofungwa hakipotei."

Ngiri akafunga unyasi mmoja wa swala, mmoja wa mazoezi, mmoja wa watoto. Nami sitamwonea Karani: ushauri wake ulimsaidia. Siku hiyo aliwahi kote. Angekomea hapo, mimi ningekuwa nimelala saa hizi.

Lakini asali ukishaionja, utarudi mzingani. Ngiri akarudi kwa Karani Tamba. Safari hii akaambiwa nyasi mbichi ziwe za swala, nyasi kavu za mazoezi, na maganda ya mgunga ya mambo ya nyumbani. "Kilichofungwa hakipotei," akasema Karani Tamba, akameza panzi.

Ngiri akashinda siku nzima akitafuta maganda ya mgunga yanayolingana. Swala wakaja uwanjani, wakamkuta ameinama anachagua. Wakarudi kwao wakimsifu kwamba mwalimu wao amejipanga kweli kweli.

Mama Kichuguu akamuuliza, "Baba Kichuguu, leo umefanya nini?"

Ngiri akajibu, "Leo nimepanga."

Akarudi kwa Karani Tamba mara ya tatu. Sasa akaambiwa afunge unyasi wa kumkumbusha kuangalia nyasi, na mwingine wa kumkumbusha kuja tena kwa Karani Tamba. "Kilichofungwa hakipotei," akasema, na panzi akashuka.

Mkia ukanenepa. Ngiri akawa anakwenda mtoni, anageuza kalio kwenye maji, anasoma kazi zake kwenye kivuli cha mkia majini. Alipomaliza kusoma, jua lilikuwa limeshahama. Wanyama wengine wakaanza kumwiga. Pundamilia alifunga nyasi zake kwa mistari.

"Baba Kichuguu, leo umefanya nini?"

"Leo nimepanga."

Siku moja Mama Kichuguu akaitwa ng'ambo ya mto kwa dada yake aliyekuwa amejifungua. Kabla ya kuondoka akamwambia mumewe, "Leo sikupi kazi mbili. Nakupa moja. Jua likiegemea kilima, walete watoto nyumbani. Swala hawatakufa. Nyumbu hatakufa. Hawa watakufa."

Ngiri akasema ameelewa. Akatafuta ganda zuri kuliko yote, akalifunga mkiani fundo la kupendeza, akasimama kuliangalia. Fundo lilikuwa zuri. Mkia ukaburuzika chini kama fagio.

Jua likaegemea kilima. Ngiri hakusahau, tumpe haki yake. Akawakuta watoto malishoni, akawaambia wajipange nyuma yake, Kichuguu, Vumbi, Tope. Wakajipanga.

Hapo nyasi zikatikisika, na hapakuwa na upepo. Alikuwa Chui.

Ngiri akakurupuka. Akauamuru mkia usimame. Mkia ukagoma. Akaukaza tena. Wapi. Kazi zote zile zilikuwa zimeukalia.

Watoto wakainua vichwa kutafuta mkia wa baba, wakaona nyasi tu. Kichuguu akaenda kulia. Vumbi akaenda kushoto. Tope akaona kitu kinasimama wima kwa mbali, akakifuata, akidhani ni baba.

Na Ngiri? Ngiri alikimbia vizuri sana. Magoti juu, pumzi kwa mpango, kama anavyofundisha. Akafika shimoni, akatumbukiza kichwa kwanza, akajisifu moyoni kwamba siku hiyo hata Nyumbu asingemfikia. Kisha akaita, "Kichuguu? Vumbi? Tope?"

Kimya.

Jamani, mzazi anaujua kimya cha namna hiyo. Akataka kugeuka atoke, shimo likawa jembamba. Na huku nje, Chui alikuwa ameshafika, ameona fagio limebaki mlangoni, akalidaka kwa meno.

Chui akavuta. Ngiri akavuta. Chui akavuta tena, na mafundo yote yakang'oka pamoja na manyoya, yakaacha kishungi kidogo tu kwenye ncha. Chui akabaki na mdomo uliojaa kazi za watu. Maganda yalimkwama kooni, nyasi zikamzonga meno, akakohoa, akajikuna, akatema. Siku hiyo ndiyo pekee wingi ule wa mafundo ulipomfaa Ngiri.

Ngiri akatoka kinyumenyume, akapita pembeni ya Chui, akaingia nyasini. Na ule mkia, mwepesi, uchi, unaovuja damu, ukasimama wenyewe wima.

Kichuguu akauona, akaja. Vumbi akauona, akaja. Tope hakuja.

Ngiri alizunguka mbuga analia, mzee mzima na meno yake marefu, bila kujali nani anamtazama. Akamkuta Tope chini ya mgunga, peke yake. Kile kitu kilichosimama wima kilikuwa manyoya ya kichwani ya Karani Tamba. Mtoto alikuwa amemfuata mtaalamu, na mtaalamu alipomwona Chui aliruka juu kiotani, akamwacha mtoto chini.

Karani Tamba akachungulia kutoka juu akamuuliza Ngiri kama hii kazi alikuwa ameifunga.

Ngiri akatangulia, mkia juu, na watoto watatu nyuma. Chui, aliyekwisha kutema ganda la mwisho, akawafuata. Walipofika shimoni Ngiri akasimama kando. Kichuguu akaingia. Vumbi akaingia. Tope akaingia. Ndipo baba akaingia wa mwisho, kinyumenyume, meno yakiutazama mlango. Chui akaleta pua, akapata jino la pua, akaenda zake.

Mama Kichuguu aliporudi, aliona njiani nyasi na maganda yametapakaa, na damu. Akaja mbio mpaka mlangoni, anaogopa kuingia. Akamwona mumewe na mkia wake kama wa kuku aliyenyonyolewa.

Akauliza kwa sauti ndogo, "Baba Kichuguu, leo umepanga nini?"

"Sikupanga kitu, Mama Kichuguu. Nimewaleta."

Tangu hapo ngiri hukimbia na mkia mwepesi juu, wenye kishungi tu kwenye ncha, na shimoni huingia kinyumenyume, watoto wakitangulia. Ngiri wetu bado anawafundisha swala, asubuhi tu. Ubingwa anao Nyumbu, na hakuna aliyekufa kwa hilo. Karani Tamba naye yupo, anatembea na kalamu zake, na wateja wameongezeka.

Funzo ni hili: kazi nyingi hazipungui kwa kufungwa vizuri. Kwanza jiulize ni ipi usipoifanya mtu atakufa, hiyo ifanye, nyingine zitajipanga zenyewe.

Shomari, simu yako inalia. Inakukumbusha nini? Kumchukua mtoto? Basi mwanangu, usiisome. Nenda.

Nanyi mliobaki, hadithi nimeikuta nyasini, nairudisha nyasini. Ikiwa tamu, lambeni vidole. Ikiwa chungu, mezeni hivyo hivyo, ni dawa.