Kirukanjia, Mawaridi na Kanzu ya Ndovu

Nina ngano!
Imwage!
Niimwage yote?
Mpaka tone la mwisho!
Na atakayesinzia?
Asituulize kesho!

Haya, sogeeni. Wewe wa nyuma, acha kutafuna.

Palikuwa na Kirukanjia, kanyama kenye pua ndefu na hasira za karibu. Watu humzulia kwamba akivuka njia hufa. Upuuzi! Huyu alivuka njia kila siku kwenda bustanini kwake, bustani ya mawaridi mekundu yanayonukia mpaka ng'ambo ya bonde. Hakufundishwa na mtu. Alipanda akaharibu, akapanda tena akaharibu, mpaka akajua.

Sasa, nchi ile ilikuwa na desturi yake: mwezi ukiandama bustani haina hata ua moja, inageuka malisho. Kila mwenye mdomo anaingia. Na mdomo mkubwa kuliko yote alikuwa nao Ndovu, jirani mwenye bwawa, mvaa kanzu nyeupe ya majora saba. Bwawa lake hakumruhusu mtu hata kulinusa.

Kiangazi kikaja, vumbi tupu. Majani ya mawaridi yakaingia vidoadoa vya manjano, kama yamedungwa kwa sindano. Yakakauka, yakapukutika, puku, puku, puku. Machipukizi yakavikwa utando mwembamba.

Ndovu akaja, gudu, gudu, gudu.

"Imekufa?"

"Bado."

"Basi nitakuja kesho."

Kesho yake, gudu, gudu, gudu.

"Imekufa?"

"Bado!"

"Basi nitakuja kesho. Usijisumbue kung'oa miiba, bi mdogo. Naila hivyo hivyo."

Hasira zikampanda Kirukanjia. Akamkamata Buibui mguu. "Mharibifu wangu ni wewe! Utando huu wa nani?"

"Dada, niache mguu! Utando wangu hunasa nzi. Huo utanasa nini? Halafu mimi nala nyama, jani nilifanyie nini? Hebu geuza jani, utazame chini yake."

Kirukanjia akamwachia, akamtaka radhi palepale, akageuza jani. Akaona kama vumbi jekundu. Je, vumbi kweli, au wadudu? Alitaka kitu cheupe alikung'utie, na nyumbani kwake hakuwa na kitu cheupe ila meno.

Gudu, gudu, gudu.

"Imekufa?"

Kirukanjia akaitazama ile kanzu. "Bwana mkubwa, hebu simama hapa chini ya tawi."

Akalitikisa tawi, tashi, tashi! Vumbi likamwagikia Ndovu kifuani.

"Unanichafulia kanzu!"

"Tulia. Vumbi la kweli halitembei. Hili je?"

Wakatazama. Vidoa vidogo kuliko punje ya chumvi vikaanza kutembea, tili, tili, tili, vikipanda shingoni.

"Ni utitiri," akasema Kirukanjia. "Hukaa upande wa chini wa jani, ukalinyonya mpaka likakauka."

Akamtazama Ndovu kushoto, akamtazama kulia.

"Unatazama nini?"

"Majani, bwana mkubwa. Nchi nzima sijaona majani mapana kama hayo mawili."

Ndovu akayashika masikio yake. "Nitahama!"

"Hama. Utitiri nao hupeperuka na upepo kwa nyuzi zake."

"Niambie dawa, mama wee!"

"Maji ya nguvu, toka chini kwenda juu, kwenye mawaridi yote. Lakini bwawa si langu, na kata yangu hii ndogo. Laiti ningekuwa na mkonga."

"Ninao!"

Ndovu akafyonza, foo! Akapuliza, chwaaa! Jani hili, chwaaa! Jani lile, chwaaa! Kirukanjia akamkorogea sabuni kidogo kwenye maji. "Sio povu zito, utaunguza majani! Na tunaosha asubuhi, kabla jua halijawa kali."

Siku ya tatu Ndovu akasema, "Umekwisha." Kirukanjia akamfokea, "Na mayai? Sabuni haiui yai!" Chwaaa! Siku tatu nyingine, chwaaa!

Jioni ya mwezi kuandama, wanyama wakaja na midomo yao. Wakakuta machipukizi mabichi, na juu yake ua moja. Halafu matatu. Halafu tisa! Wakameza mate, wakasifu, wakaanza kurudi makwao.

Ndovu akajikuna shingo. "Ngoja kidogo. Hivi utitiri hula masikio?"

"Hauli."

"Lakini ulisema..."

"Nilisema una majani mapana. Nilisema nini kingine? Mimi msema wazi, usinisingizie!"

Ndovu akanguruma, akainua mguu aisage bustani. Wanyama wote wakageuka kumtazama. Bustani yenye ua haiguswi, hata na yeye. Akaushusha mguu taratibu, akaenda zake, kanzu ikimchuruzika maji.

Kirukanjia akachuma waridi kubwa kuliko yote, akalichomeka nyuma ya sikio, akacheza ngoma peke yake mpaka miguu ikamwisha nguvu.

Ngano imelala!
Msiiamshe!

Na funzo lake, shikeni sana: wenye nguvu wana huruma mno. Jirani mkubwa akiona bustani yako inaumwa, atakuja mwenyewe na maji yake, kwa moyo mweupe, bila kuambiwa neno.