Hodi ya Digidigi

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa na nini?
— Tuambie wewe!
Pakawa na mlango uliofungwa.

Hapo zamani, wanyama wa bonde moja walishikwa na kikohozi kibaya. Mmoja akikohoa, nyumba nzima inaugua. Mfalme wao, Kobe, akatoa amri: wagonjwa wote wakae nyumba moja, na mzima asiingie. Chakula kiachwe mlangoni.

Mama yake Digidigi akapelekwa humo. Digidigi akakimbilia kwa mfalme.

"Niingie mara moja tu, baba. Ni mama yangu!"

"Nikikuruhusu wewe, nitamkataza nani? Utatoka na kikohozi, watoto wa jirani wafe."

Kesho yake akarudi. Akakataliwa. Akarudi tena. Kobe akatokwa na machozi, lakini akakataa. Msimlaumu upesi, jamani. Nyinyi mngefanyaje?

Njiani Digidigi akamkuta Sungura, anacheka peke yake. Mjomba wake Sungura naye alikuwa mle mle, kwenye nyumba ya wagonjwa.

"Mimi nasimama uani, napiga hodi, tunapiga soga. Siingii!"

"Hodi bila kuingia?" Digidigi akamaka. Maana kwao akina Digidigi, kupiga hodi kisha ukageuza mgongo ni tusi kubwa. "Siwezi kumtukana mama yangu."

Basi akapeleka uji, akauweka taratibu, akaondoka kimya. Kesho uji, kimya. Keshokutwa uji, kimya. Mtoto mwenye adabu, huyo! Adabu ikamponza.

Kikohozi kikaisha. Watoto wa jirani hawakuugua hata mmoja. Lakini mama yake Digidigi alikufa.

Bibi Kanga, aliyeugua mle pamoja na mama huyo, akatoka amepona. Akamwambia Digidigi, "Kila siku mama yako alisikia kwato zako. Akaniuliza, 'Mwanangu yupo pale nje. Mbona hapigi hodi? Hata asipoingia, hodi tu ingenitosha. Nimemkosea nini?'"

Digidigi akaenda moja kwa moja kwa mfalme. "Nani alikataza hodi?"

Kobe akainamisha kichwa. "Hakuna. Nilikataza kuingia tu. Ilinipasa nikuambie siku ile ulipolia mbele yangu, mwanangu. Sikufikiria."

Inauma, jamani. Amri ilikuwa ya haki, na bado inauma.

Mpaka leo, Digidigi akipita penye nyumba ile tupu, husimama uani.

"Hodi, mama," husema. "Hodi. Hodi."

Ngano yangu imefika kizingitini. Aliyeipenda aende nayo kwao. Asiyeipenda aniachie hapa hapa.