Sakafu ya Mwanahawa

Hii nimeletewa na mtu ninayemwamini, naye aliletewa na mwingine. Nimeisoma mara mbili, nikaona nikikaa nayo peke yangu nitakuwa mchoyo.

Mzee Chande wa Pangani alikuwa fundi wa sakafu kwa miaka arobaini. Binti yake, Mwanahawa, aliolewa na Malo, kijana mtaratibu wa Bretani, kule magharibi ya Ufaransa. Wakaenda kuishi kwao Malo, mji mdogo uitwao Lanvezen. Mji wenyewe hauna mambo mengi: kanisa la mawe, duka la mikate, soko la kila Alhamisi, na ukishapita hapo ni mashamba ya kabichi na ng'ombe walionenepa mpaka wanatembea kwa kujivuta.

Mzee alikwenda kuwatembelea wiki mbili. Siagi yao ya chumvi aliipenda kupita kiasi. Hata mvua yao aliipenda, maana ilinyesha bila vurugu. Kitu kimoja tu kilimkosesha raha: tangu afike, hakusikia mtu akibisha hodi.

"Mwanangu, majirani zako wako wapi?"

"Wapo, Baba. Tunapungiana mikono."

"Miaka mitatu mnapungiana mikono tu?"

Mwanahawa akainamia sufuria. Ndipo akasema neno alilokuwa hajamwambia hata mumewe.

"Baba, watu wa hapa hawatutaki. Nimejaribu, nimechoka. Ukiondoka Jumanne, nataka tuondoke wote."

Mzee aliomba chai nyingine.

Siku hizo Malo alikuwa akikarabati zizi la zamani la babu yake liwe chumba cha mkewe cha kushonea. Alitaka sakafu ya udongo uliochanganywa na chokaa, kama ya wazee wake. Akakodi mashine ya kushindilia, akaingurumisha siku mbili, na Ijumaa jioni akairudisha. Mzee Chande akapita juu ya sakafu bila viatu, akagonga kwa kisigino hapa na pale.

"Kazi safi, mkwe wangu," akasema.

Walipokaa kula, Malo akachangamka. "Zamani hakukuwa na mashine. Mwenye nyumba mpya aliwaalika majirani waje wacheze ngoma juu ya udongo mpaka ukaze. Bibi yangu alimpata mume kwenye sakafu ya namna hiyo!"

Mwanahawa akatafsiri. Mzee akaacha kutafuna.

Alfajiri ya Jumamosi Mwanahawa alisikia bomba la uani likifunguliwa. Akajua baba anatawadha, akajifunika akalala tena. Kulipokucha wakaikuta sakafu imekuwa tope tupu.

Malo alishika kichwa. "Labda paa linavuja! Na lile duka la mashine halifunguliwi mpaka Jumanne!"

"Kesho udongo utakuwa umenywea vizuri," akasema Mzee Chande, uso mkavu. "Tuite watu waukanyage."

Mwanahawa alishtuka. "Baba, hawatakuja. Utaniaibisha bure."

"Mwambie mmoja tu. Yule bibi wa ng'ambo ya barabara. Mwambie tumekwama."

Bibi huyo aliitwa Soazig, mjane wa miaka themanini na miwili. Mwanahawa alisimama getini kwake, nusura ageuke. Akabisha. Akaeleza. Bibi Soazig akachukua koti na fimbo yake, akatoka.

Jumapili mchana walikuja watu thelathini. Walikuja na viatu vizito, na chapati zao nyembamba zimefungwa kwenye kitambaa. Mmoja alileta pombe ya matofaa. Alipoambiwa wenyeji hawanywi, alikimbia kwake akaleta juisi. Wazee wawili walikuja na vyombo vya kupuliza, na kimoja kilipolia, Mzee Chande aliruka kitini.

"Zumari hiyo! Hawa watu wana zumari!"

Wakashikana kwa vidole vya mwisho, wakafanya duara, wakaanza kukanyaga. Mzee katikati, suruali imekunjwa, akiwaonyesha kwa kidole palipo bado laini. Kufikia jioni sakafu ilikuwa ngumu kama jiwe, na Mwanahawa, jasho likimtoka, alikuwa ameahidiwa miche ya kabichi na kuku wawili. Hakuwa amecheka hivyo tangu harusi yake.

Ndipo Bibi Soazig akamvuta mkono, akamnong'oneza swali la kumtafsiria baba yake.

"Baba, anauliza..." Mwanahawa akaitazama sakafu, akamtazama mzee. "Anauliza zile ndoo sita za maji za jana alfajiri zilikuwa za nini. Anasema alikuona kupitia dirisha lake."

Mzee Chande akajikuna kidevu.

"Mwambie kazi ya mashine ilikuwa nzuri, sina neno nayo. Lakini mashine haitakuja kumjulia hali binti yangu akiugua."

Mwanahawa alianza kutafsiri mara mbili, na mara zote mbili machozi yakamtangulia. Hatimaye aliweza. Bibi Soazig akamshika mikono.

"Binti, mlipohamia hapa nilioka keki, ikanidodea mezani. Niliogopa kuwaingilia. Nikasema nitangoja siku mtakayohitaji kitu. Miaka mitatu hamkuomba hata kiberiti, basi sote tukajua hamtutaki. Jana uliponibishia nilizunguka nyumba zote, baba yako asije akapoteza maji yake bure."

Jumanne lilitoka begi moja tu.

Funzo: Asiyeomba msaada huwanyima majirani zake mlango wa kuingilia, kisha akakaa ndani akilalamika kwamba hawamtembelei. Na kama umekusudia kumtumia jirani yako hadithi hii, usimtumie. Nenda kabishe hodi, umsimulie.