Ubeleko wa Bi Kifaru

Nilishasema leo sisimulii. Kinywa kimechoka, na choroko hizi hazijichambui zenyewe. Lakini nyie tangu asubuhi mnanizunguka miguuni kama kuku, kisa shangazi yenu kaletewa kibebeo cha mtoto kutoka mjini, kina mikanda na vifungo kama punda wa gari, na mama yenu tangu akione hali akashiba. Haya, kaeni. Chambueni huku mnasikiliza. Na aliye jikoni asikie vilevile, mimi sitaji jina la mtu.

Hapo zamani za kale, kale ile ya wanyama kukaa majumbani na kununiana na mawifi kama sisi, palikuwa na kisima kimoja na wake wanne wanaochota hapo. Bi Twiga, Bi Kiboko, Bi Kifaru na Bi Nguchiro. Huyo Nguchiro mnamjua, yule mdogo mwembamba, anapita mbele yako fyuu, ukigeuka keshaingia kichuguuni. Kichuguu ndiyo nyumba yake.

Kila mmoja alikuwa na mtoto, na kila mmoja alikuwa na mbeleko yake.

Bi Twiga alifunga shali ya sufu, kwa sababu huko juu alipo upepo ni mkali. Bi Kiboko alikuwa na mbeleko ya ukili, kama mkeka. Yeye kutwa yuko majini, ukili ukilowa unakuwa laini. Bi Nguchiro alikuwa na kanga kuukuu, nyekundu, imefuliwa mpaka imepauka, ya marehemu mama yake. Ndiyo iliyombeba yeye, na sasa inambeba mwanawe Makame.

Bi Kifaru alikuwa na binti, Siwatu. Na ngozi ya Bi Kifaru mnaijua. Umkalie, hajui. Umfunge kamba, hajui. Basi alipofunga mbeleko alikaza, akakaza tena, mpaka mtoto anatoa macho, na mwenyewe hana habari.

"Waaa, waaa," Siwatu alilia kwenda kisimani. "Waaa, waaa," akalia kurudi.

"Siwatu ana nini leo?" Bi Kiboko akauliza.

"Ana kiburi," mama yake akajibu. "Kachukua kwa baba yake."

Pembeni, Bi Nguchiro anachota maji, anainama, anainuka, anakimbiza panzi, anarudi, na Makame mgongoni kalala, mdomo wazi.

"Huyu mtoto wa Nguchiro halii," akasema Bi Twiga. "Mama yake ana mkono."

Angesema hivyo kwa sauti ndogo, hadithi hii isingekuwepo. Lakini Twiga akiongea wote wanasikia, na Bi Kifaru alisikia. Wivu ukampanda mpaka kwenye ncha ya pembe.

Akaenda kutafuta shali ya sufu kama ya Twiga, kubwa zaidi. Twiga yuko kwenye upepo, Kifaru yuko chini kwenye vumbi na jua. Siku ya pili Siwatu ana harara mwili mzima.

Akasuka mbeleko ya ukili kama ya Kiboko, pana zaidi. Kiboko yuko majini, Kifaru yuko nchi kavu. Ukili ukakauka, ukamkata mtoto mapajani.

"Waaa, waaa."

Bi Nguchiro akamwonea huruma mtoto. Si mama, mtoto. Akasema, "Dada, hebu nimshike kidogo."

Akamshusha Siwatu chini, kwa maana kumbeba hawezi, mtoto yule peke yake ni mzito kuliko ukoo wa nguchiro. Akafungua fundo, akalilegeza. Akamkunja magoti, yakapanda juu.

"Dada, tatizo si kitambaa. Mtoto akae kama chura, magoti juu, makalio chini. Shavu lake ulisikie mgongoni. Na ukigeuka uuone uso wake. Ukiuona uso, utajua kama anaumia."

Siwatu akanyamaza. Akatazama juu, akamshika Bi Nguchiro sharubu, akacheka.

Kicheko kile, wajukuu, ndicho kilichoharibu. Mwanawe hajawahi kumchekea yeye, anamchekea mtu mwenye kiuno kama uzi.

"Nipe mwanangu," akasema Bi Kifaru. "Wewe unifundishe mimi kubeba? Una nini wewe? Una tambara la marehemu."

"Nina hilo hilo, dada."

"Basi hilo tambara lina dawa. Si bure."

Akaondoka, du, du, du, na mtoto kamkaza vilevile.

Siku hiyo Bi Nguchiro alifua kanga, akaianika kwenye ua. Alipotoka kuianua, hakuna kanga. Pana nyayo tu, kubwa kama sinia, zenye vidole vitatu.

Sasa niambieni, Nguchiro aende kwa Kifaru kusema nini? Aseme wewe mwizi? Angekanyagwa, fwata, na kesho watu wangeuliza hilo doa ni la nini.

Akachukua kipande cha gunia, akambeba Makame. Gunia likamchuna makwapa. Makame, mtoto asiyelia, akalia. Na wao riziki yao ni kunyatia. Utamnyatia nani na mtoto analia mgongoni? Mijusi wanamsikia toka mbali, wanaingia mashimoni. Siku tatu kichuguu kizima kikalala na njaa.

Siku ya nne akaenda kupiga hodi.

"Karibu," akasema Bi Kifaru mlangoni, hakumwambia aingie.

"Dada, hujaiona kanga yangu? Ile nyekundu."

"Mimi nina kazi ya kutazama matambara ya watu? Labda mbuzi kaila."

"Labda," akasema Bi Nguchiro. Akatazama juu. Kwenye ncha ya pembe pamenasa uzi mmoja mwekundu. Akashusha macho, akaaga vizuri.

Na ile kanga, mnafikiri ilimfaa mwizi? Ilikuwa uvunguni. Aliijaribu mara moja, ikamfika nusu ya tumbo, ikagoma. Asingeweza kuitumia hata kwa kufungia kichwa. Lakini haja yake haikuwa kuitumia. Yake ilikuwa ni kuhakikisha mwenzake hana.

Kesho yake Bi Nguchiro akafika kisimani, akakaa chini, ndoo tupu.

"Una nini, mwenzangu?" akauliza Bi Twiga.

"Nina ubeleko."

Bi Kifaru, aliyekuwa anachota, akasimamisha sikio moja.

Kule kwa wanyama ilikuwa kama kwetu. Binti akiolewa, upande wa mume humpa mama yake ubeleko, zawadi ya kumshukuru kwa kumbeba binti huyo mgongoni tangu mdogo. Ni heshima yake mbele za watu. Nimewabeba mama zenu sita, na huo ubeleko niliopewa msiniulize, tuendelee.

"Mimi niliolewa mama keshafariki," akasema Bi Nguchiro. "Sasa mashangazi wa mume wangu wameona haya, wanauleta Ijumaa. Furushi, mwenzangu, linabebwa na watu wawili. Vigelegele kutoka kichuguuni mpaka hapa kisimani. Wanasema atakayekuwa na ile kanga iliyonibeba ndiye wa kupewa. Na kanga imepotea. Itabidi warudi nalo."

"Masikini," akasema Bi Kiboko.

Sikio la pili la Bi Kifaru likasimama. "Na kama mwenye kanga si wa ukoo wenu?"

"Hawaulizi ukoo, dada. Wanauliza mambo mawili tu. Kanga iko wapi, na nani alimbeba bi harusi."

"Kubwa kiasi gani hilo furushi?"

"Dada, mimi sijawahi kuona mtu anaheshimiwa hivyo."

Bi Kifaru akaenda zake, hata ndoo akaisahau.

Ijumaa ikafika. Mashangazi wawili wa mume wa Bi Nguchiro wakaja, wembamba kama fimbo za mswaki, wamebeba kwenye mti furushi limefungwa kwa kaniki. Lililili, lililili. Twiga yuko, Kiboko yuko. Wakalitua kisimani.

"Tumeleta ubeleko," akasema shangazi mkubwa. "Yuko wapi aliyembeba mkwe wetu?"

Bi Nguchiro akatazama njia ya kwa Kifaru.

Kisha du, du, du. Bi Kifaru huyo, kajipaka mafuta mpaka anang'aa, mtoto mgongoni kamkaza, analia, na kwenye pembe kaitundika kanga nyekundu kama bendera.

"Ni mimi," akasema.

Bi Kiboko akafunga mdomo, na mdomo wa Kiboko kuufunga ni kazi. "Bi Kifaru, mwanamke mzima, wewe ulimzaa Nguchiro?"

"Nani kasema nilimzaa? Nilimbeba. Mama yake alikuwa mgonjwa. Nikasema, lete mtoto, na kanga ni yangu hii, nikambeba mpaka akakua. Mimi mambo yangu sitangazi."

"Hebu ifunge tuone," akasema Bi Twiga.

Akaizungusha. Ikafika nusu ya tumbo, ikagoma.

"Enzi hizo nilikuwa mwembamba," akasema Bi Kifaru, akaitundika tena kwenye pembe.

Bi Nguchiro akasogea mbele, akapiga magoti vumbini. "Shikamoo, mama."

"Marahaba," akajibu Bi Kifaru, macho yake kwenye furushi.

"Wanawake wenzangu mmesikia? Kanga ni yake, alinibeba yeye."

"Tumesikia," wakasema wote.

"Mama, umesikia ulivyosema?"

"Nimesikia. Mbona maneno mengi? Fungueni."

"Mbona linacheza?" akauliza Bi Twiga, maana furushi lilikuwa linatikisika.

"Furaha," akasema shangazi.

Wakafungua fundo. Wakatoka watoto wa nguchiro saba. Chwi, chwi, chwi, wakapanda mguu wa Bi Kifaru, wakapita bega, wakajaa mgongoni. Mmoja akaingia nyuma ya sikio.

"Hii nini?" Bi Kifaru akauliza.

"Wajukuu zako, mama," akasema Bi Nguchiro. "Hawa watoto wa dada zangu, wote tuna mama mmoja, na kanga iliyotubeba ni hiyo. Kwetu aliyewabeba mama ndiye anayewabeba na watoto, mpaka wajue kuwinda. Ubeleko wake ni kuletewa watoto hao mbele za watu, kwa vigelegele. Piga tena, shangazi."

Lililili.

"Mimi sikuwabeba mama zao."

"Umesema kanga ni yako."

"Si yangu."

"Basi ni ya nani, na ilifikaje kwenye pembe yako?"

Mwizi wa mbeleko, wajukuu, enzi hizo hachoti maji na wake wenzake. Anachota peke yake, baada ya ng'ombe, maji ya tope, mpaka kufa. Bi Kifaru akamtazama Twiga, akamtazama Kiboko. Wale ndio watu aliotaka wamsifu. Na wote wanamtazama.

Siwatu analia. Yule wa nyuma ya sikio anakuna, krr, krr, na nyuma ya sikio ndipo mahali pekee ngozi ya Kifaru ni nyembamba.

"Kanga ni yangu," akasema Bi Kifaru, polepole. "Nilimbeba mimi."

"Ahsante, mama," akasema Bi Nguchiro. "Na kwa kuwa umenenepa na haikuenei, naomba niirithi mimi mwanao. Mbele ya mashahidi."

Akamnyooshea mkono. Bi Kifaru akainamisha pembe, akampa. Bi Nguchiro akalitupa gunia palepale, akamkunja Makame magoti, akamfunga kwa kanga ya mama yake, fundo moja kifuani. Makame akavuta pumzi ndefu, akalala.

"Na Siwatu nimweke wapi?" akauliza Bi Kifaru. "Mgongo umejaa."

"Mshushe," akasema Bi Kiboko. "Ana miguu minne."

Akamshusha. Siwatu akasimama, akayumba, akasimama tena. Hakuna cha kumbana, hakuna cha kumkata. Akaanza kutembea nyuma ya mama yake, na siku hiyo ndiyo siku aliyoacha kulia.

Basi anayechagua mbeleko amtazame mtoto wake, asimtazame jirani. Na wewe wa jikoni, hilo ulichukue.

Bi Kifaru alilipa. Alilipa mgongo wake kwa watoto saba wa nguchiro, mvua mpaka mvua, wakimkuna masikioni na kumkojolea begani, na kila asubuhi kisimani alitakiwa kuitikia marahaba kwa mtu asiyemzaa. Na Siwatu, ambaye kanga iliibwa kwa ajili yake, hakurudi tena mgongoni. Walipokua wale saba wakashuka, mama yake alipiga magoti akamwita, "Njoo, mwanangu, sasa mgongo mtupu." Mtoto akamtazama, akabaki nyuma kwa miguu yake.