Neno la Bi Winifred

Akiba haiozi. Wengi wakiisikia methali hii hukimbilia kufikiria mahindi ya ghalani au fedha za kibubu. Si vibaya. Lakini mahindi hubunguliwa na fedha huibwa. Iko akiba nyingine ambayo panya hawaifikii, nayo ni kile mtu alichojifunza kwa jasho lake, kisha dunia ikamwambia hakina kazi. Akikubali maneno ya dunia, atakitupa kwa mikono yake mwenyewe. Bryony Hardcastle nusura akitupe.

Bryony alizaliwa Addlethwaite, mji wa Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, ulio bondeni, wenye viwanda vya sufi vilivyokufa na mvua isiyojua kuchoka. Chuo kikuu alisomea lahaja za kaskazini. Alipanda na kushuka milima akiwa na kinasa sauti, akiingia jikoni mwa wafugaji wa kondoo na kuwauliza wanakiitaje kichochoro, wanamwitaje mtoto mdekaji, wanasemaje mvua ikinyesha kwa ubavu. Wazee walimpenda. Walimpa chai nzito na keki, wakamwaga maneno ambayo wajukuu wao walikuwa wameyaacha kama viatu vilivyobana.

Siku moja alikwenda kumrekodi mzee mmoja mwenye kidonda mguuni. Nesi wa kijiji akaingia, akapiga magoti sakafuni, akaanza kukisafisha kidonda huku akimtania mzee kuhusu soksi zake. Bryony alijikuta hasikilizi tena maneno. Alikuwa akiitazama mikono ya yule nesi. Alipofika nyumbani akagundua kwamba hata kinasa sauti hakukiwasha.

Hapo ndipo alipojua. Akaomba nafasi katika shahada ya uzamili ya uuguzi, ile inayowachukua watu waliokwisha kusomea mambo mengine na kuwapika upya kwa moto mkali.

Baba yake, Clive, dereva wa lori, alizipokea habari hizo Jumapili mezani, uma ukiwa umechoma kipande cha nyama.

"Hebu nieleze polepole," alisema, "maana akili yangu mimi ni ya gia na breki. Umesoma miaka yote ile vikongwe wanavyoongea. Sasa unataka kuwasafisha?"

"Nataka kuwauguza, Baba."

"Si ungekwenda tangu ulipomaliza shule, kama binti wa jirani? Yule sasa ana nyumba na mbwa. Wewe una vyeti. Hiyo digrii ya kwanza tuifanye nini? Tuitie kwenye mchuzi?"

Bryony alicheka, lakini kicheko hakikushuka chini ya koo. Alipokuwa akiosha vyombo aliyarudia maneno ya baba yake kimoyomoyo, na akaona yana ukweli. Tangu siku hiyo alianza kuionea aibu elimu yake ya kwanza, kama mtu anavyomwonea aibu ndugu mlevi.

Masomo yalikuwa magumu, lakini alipita. Hatimaye likabaki zoezi la mwisho la vitendo, katika wodi ya upasuaji wa mifupa. Mkuu wa wodi alikuwa Sista Lorraine Greenwood, mama mfupi, mnene, mwenye sauti ya kukata bati. Yeye ndiye angeamua kama Bryony anafaa kuwa muuguzi au hafai. Akisema hafai, mlango umefungwa, kwa kuwa Bryony alikwisha kurudia zoezi moja huko nyuma na chuo hakiruhusu kurudia mara mbili.

Katikati ya zoezi Sista alimwita pembeni, karibu na kabati la mashuka.

"Binti, nakupa vidonge vyako bila maji," alisema. "Una moyo mzuri. Mikono yako si mibaya. Lakini u mzito kama gunia lililolowa. Unakaa na mgonjwa mmoja unamsikiliza mpaka wengine wanaota mizizi. Hapa si jikoni kwa mtu. Ijumaa ya mwisho nitasema ndiyo au hapana, na leo ingekuwa hapana."

"Nimekuelewa, Sista."

"Usinielewe tu. Kimbia."

Damian, msaidizi wa wauguzi, alikuwa amesikia yote kutoka upande wa pili wa kabati. Alikuwa kijana mrefu mwenye masihara, na tangu siku ya kwanza alimwita Bryony Profesa.

"Pole, Profesa," alisema. "Siri ni hii: mgonjwa akisema anataka chombo cha haja, mpe chombo. Usimuulize babu yake alikiitaje."

Bryony akapiga moyo konde. Aliamua kuwa muuguzi kama wauguzi wengine. Yale masikio yake ya milimani akayaziba. Mgonjwa akianza kusimulia, yeye alishatandika kitanda na kuondoka. Wiki ile Sista alimtazama mara mbili na kutikisa kichwa kidogo, kama mtu anayesema afadhali. Bryony alilala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Katika wodi ile alikuwamo Bi Winifred Murgatroyd, mjane wa mfugaji kutoka shamba la juu kabisa, mahali ambapo hata barabara hukata tamaa. Alikuwa ameteleza uani kwake akavunjika nyonga. Upasuaji ulikwenda vizuri. Mwili wake ulikuwa mdogo kama wa ndege, lakini ulimi haukuwa mgonjwa. Damian alipomgeuza kwa mara ya kwanza, alimwambia, "Kijana, una mikono ya mtu anayemkamua mbuzi aliyekufa." Wodi nzima ilicheka, na Damian akacheka kuliko wote.

Jumatano ya wiki ya mwisho, alasiri, Bi Winifred alikuwa kimya.

"Vipi, bibi?" Damian alimchokoza. "Leo hunitukani? Nimekosa nini?"

Bi Winifred alifumbua macho kidogo. "Starved," alisema. "Niko starved, kijana."

Neno hilo watoto wote wa mji ule wanalijua. Ukilisema shuleni, unapewa mkate. Maana yake una njaa ya kufa. Damian akamletea supu, akamwekea kijiko mkononi, akaenda zake. Supu ikapoa bila kuguswa.

Bryony alipopita, bibi alimshika upindo wa vazi.

"Starved, binti yangu. Mpaka mifupa."

"Nakuletea mkate sasa hivi, Bi Winifred."

Akauleta mkate wa kuchoma uliopakwa siagi, akauweka kando ya supu, akampigapiga bega, akaondoka mbio. Vitanda vitatu vilikuwa havijatandikwa na wageni walikuwa karibu kuingia. Sista alikuwa amesema wazi: wageni wavikute vimetandikwa. Naye alikuwa amesimama mwisho wa wodi, mikono kiunoni, akitazama.

Bryony alitandika cha kwanza. Alikuwa anavuta shuka la cha pili pale mkono wake uliposita.

Mpaka mifupa?

Njaa hukaa tumboni. Njaa kali huingia kichwani, ikamfanya mtu mkali. Lakini nani amewahi kuwa na njaa ya mifupa?

Kumbukumbu ikamjia, wala hakuiita. Aliona jiko moja la milimani, theluji dirishani, na mzee akiingia kutoka kwa kondoo wake, akipiga miguu chini na kunyoosha mikono kwenye moto. Mzee yule alikuwa amelisema neno lilelile, na mkewe hakumpa chakula. Alimpa blanketi. Kwa watu wa mji neno lile ni njaa. Kwa watu wa juu, wazee wa zamani, ni baridi, baridi ya kumwua mtu.

Bryony alitazama huku na huku. Wodi ilikuwa moto kama tanuri. Mabomba ya joto yalikuwa yakinguruma, Damian alikuwa anajipepea kwa kifuniko cha sahani, na wagonjwa wengine walikuwa wamezipiga teke blanketi zao. Katika chumba kama hicho, mtu anasema baridi imemwingia mpaka mifupa.

Alijua akiliacha lile shuka, Sista ataona. Shuka lilikuwa mkononi, nusu kitandani, nusu sakafuni. Akaliachia.

Mikono ya Bi Winifred ilikuwa baridi kama mawe ya mtoni. Midomo imepoteza rangi. Alikuwa akipumua harakaharaka, pumzi fupifupi, kama mtu aliyepanda kilima. Bryony alimpima. Joto limepanda. Mapigo ya moyo yanakimbia. Presha imeshuka. Asubuhi vipimo vyote vilikuwa vimetulia, na zamu ya kupima tena ilikuwa bado.

"Hardcastle!" sauti ya kukata bati ikasikika. "Lile shuka linafagia sakafu au vipi?"

"Sista, njoo. Tafadhali njoo sasa."

Sista Lorraine alikuja, uso umekunjwa. Akaiona supu, akauona mkate. "Nani amemrundikia hivi vyakula?"

"Supu Damian. Mkate mimi. Tumekosea, Sista. Hana njaa. Ana baridi."

"Baridi? Humu ndani? Mimi nakaribia kuyeyuka!"

"Ndiyo maana nimekuita. Neno lake lile, starved, kwao milimani ni baridi. Amekuwa akituambia tangu mchana kwamba ana baridi, na sisi tunamlisha."

Sista alisogea kitandani. Akaushika mkono wa bibi, akatazama vipimo, na uso wake ukabadilika kama anga kabla ya radi. Wakati huohuo Bi Winifred akaanza kutetemeka, kitanda kikagongana na ukuta.

"Maambukizi yameingia kwenye damu," alisema Sista. "Damian! Acha kujipepea, mwite daktari, mwambie mbio. Hardcastle, oksijeni. Kisha nitayarishie vifaa vya dripu, na usinitazame, fanya!"

Bryony alifanya. Mikono yake ilifanya kazi kuliko alivyoiamini. Daktari alifika anahema, damu ikachukuliwa ikapimwe, dawa ya kuua vijidudu ikaingizwa mshipani, maji yakafuata. Ikabainika baadaye kwamba maambukizi yalianzia kwenye njia ya mkojo, yakatambaa kimyakimya. Wageni waliingia wakakuta vitanda viwili havijatandikwa, na hakuna aliyewaomba radhi.

Kabla zamu haijaisha, pumzi ya Bi Winifred ilianza kurefuka. Presha ikapanda taratibu. Daktari alisimama miguuni pa kitanda akijifuta jasho.

"Mmeiwahi," alisema. "Saa chache tu zaidi, ningekuwa naongea na familia yake maneno mengine."

Bryony alikwenda kwenye ngazi za dharura, akaketi, akalia kidogo, kisha akacheka kidogo, kisha akatulia tu, mgongo ukutani. Hakumwazia Sista wala Ijumaa. Bibi yu hai. Alihisi kana kwamba mtu amemtua mzigo wa kichwani ambao alikuwa ameuzoea mpaka akadhani ni kichwa chenyewe.

Kesho yake Bi Winifred aliketi, mweupe kama karatasi, lakini ulimi umerudi.

"Nilidhani nimelazwa kwa wageni wasiojua Kiingereza," alimwambia Bryony. "Nasema baridi, naletewa supu. Nasema baridi, naletewa mkate. Ningesema nakufa, yule kijana angeniletea keki."

"Ningeleta na chai, bibi," alijibu Damian kutoka kitanda cha pili. Kisha akageuka, na kwa mara ya kwanza akasema bila masihara, "Nisamehe, Bi Winifred. Bryony, umetuokoa."

Ijumaa ikafika. Sista Lorraine alimwita Bryony palepale kwenye kabati la mashuka. Bryony alisimama wima.

"Bado unatandika kitanda kama mtu anayefunga zawadi ya harusi," Sista alianza. "Hilo utalirekebisha, na watakaokuajiri watakukera mpaka ulirekebishe. Sitaki kukudanganya."

"Ndiyo, Sista."

"Lakini kuna jambo linanikera mimi zaidi. Marehemu bibi yangu alizaliwa kule juu. Alilisema neno lile kila majira ya baridi, akiwa amejifunika shali. Nililisikia utoto wangu wote. Juzi nimesimama wodini, nimelisikia, nikafikiria mkate." Alikohoa. "Mimi ndiye niliyekwambia uache kusikiliza. Nilikosea nusu. Jifunze kukimbia, lakini masikio yako usiyaache nyumbani."

"Kwa hiyo, Sista..." Bryony alianza kuuliza.

"Kwa hiyo ndiyo, mwanangu. Ndiyo! Unafaa. Sasa futa machozi, utalowesha mashuka yangu."

Jioni alimpigia baba yake simu. Clive alikuwa ameegesha lori njiani, na mvua ilisikika ikipiga kwenye bati la gari. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Basi usingemfahamu yule mama, angekufa," alisema.

"Angekufa, Baba. Na nusura nisimfahamu. Nilikuwa nimeamua kusahau."

Clive alipuliza pua kwa kishindo.

"Usisahau kitu," alisema. "Mimi baba yako ni mjinga wa gia na breki, usiwe unanisikiliza kila siku."

Bryony alicheka, na safari hii kicheko kilishuka mpaka tumboni. Alitoka nje ya hospitali bila mwavuli, akatembea kwa mwendo wake wa polepole kuelekea kituo cha basi. Alichokikusanya milimani bila kujua atakitumia lini kilikuwa kimeokoa roho ya mtu na kumpa yeye kazi yake. Asikudanganye mtu, akiba haiozi.