Bandama ya Kulungu

Paukwa!

— Pakawa!

Aa, hiyo ndiyo pakawa yenu? Mmekula, mmeshiba, halafu mnaitikia kama wagonjwa? Paukwa!

— Pakawa!

Haya, sasa nawasikia. Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji, na katika kijiji hicho palikuwa na mzee jina lake Sekiondo. Kazi yake ilikuwa kusoma wanyama. Msicheke! Mwindaji akiua, sharti amlete mnyama mzima mbele ya Sekiondo, asikate hata sikio. Mzee atatazama miguu, pembe, meno, ngozi, na mwisho kabisa tumbo. Akisema "kuleni," wanakula. Akisema "chomeni," wanachoma, hata kama wana njaa, hata kama wanalia.

Aliletewa swala jike mwenye pembe. Aliletewa kongoni wa taya iliyopinda, maisha yake yote alitafunia upande mmoja. Aliletewa paa mwenye kwato tatu mguu mmoja. Watu wakaogopa, wakarudi nyuma. Sekiondo akasema, "Kilema si ugonjwa. Kuleni." Wakala, na hakuna aliyeumwa hata tumbo.

Basi ukaja mwaka wa njaa. Weee! Watu walichimba mizizi mpaka mizizi ikaisha. Walichemsha ngozi za ngoma wakazitafuna. Mwindaji mmoja, Mbelwa, alikuwa na mtoto mmoja tu, Mwanjaa, binti wa miaka minne. Mbavu zake ungeweza kuzihesabu ukiwa umesimama mlangoni. Mbelwa akimtazama, anageuza uso.

Asubuhi moja akamkuta kulungu dume kichakani. Amelala, anahema, hee, hee, hee. Mkuki mmoja tu, pu! Akampasua. Bandama ikamjia mkononi: imevimba, nyeusi, laini kama tope. Na puani damu inachuruzika, haigandi. Mbelwa akajua. Hakuna mwindaji asiyeijua bandama ile. Ni kimeta, ugonjwa unaomuua mnyama na amlaye.

Lakini mwenye njaa hana miiko. Akaitupa ile bandama mbali, akajisemea, "Ubaya ulikuwa humo, nimeutupa." Jamani! Mtu akiamua kujidanganya, nani atamzuia? Akafuta pua ya kulungu kwa majani. Akakata kipande cha ubavu, akapitia nyumbani kwanza.

"Mke wangu, pika."

Mkewe, Mkasiwe, akauliza, "Mzee ameshaisoma?"

"Pika, nimesema!"

Mkasiwe akabandika chungu. Mbelwa akamburura kulungu wake mpaka uwanjani kwa Sekiondo.

Watu wakajaa, mate yanawatoka. Mzee akachuchumaa. Hana haraka, hajawahi kuwa na haraka. Akashika mguu wa nyuma. "Huyu alivunjika akiwa mdogo. Mfupa umejiunga upande." Na kule nyumbani chungu, tokoto, tokoto.

Akapapasa bega, akachokoa kwa kisu, kacha, kacha. Kikatoka kichwa cha mshale, nyama imekizunguka pande zote. "Huu ni mshale wa marehemu Semboja. Alituapia kwamba hajawahi kumpiga kulungu akamtoroka. Kumbe!" Watu wakacheka. Mbelwa hakucheka. Kijasho kinamtoka. Kule nyumbani chungu, tokoto, tokoto.

Mzee akafika tumboni. Akasema, "Damu hii mbona haigandi?"

"Mbelwa, bandama iko wapi?"

"Mwewe aliinyakua, Babu."

"Na ubavu huu?"

"Fisi, Babu."

Sekiondo akapitisha kidole hewani juu ya ule mkato, hakuugusa. Umenyooka. "Fisi wa siku hizi wanatembea na visu?"

Safari hii hakuna aliyecheka. Mzee akainuka, magoti yakalia, akamsogelea. Hakupaza sauti. "Mwanangu, ubavu uko wapi? Kama uko jikoni, sema sasa hivi. Aibu utaizoea."

Mbelwa akatazama watu. Akawaona wawindaji wenzake. Akaona aibu. Ndiyo, aibu! Pale pale mtoto wake anapikiwa kifo, yeye anaona aibu. Akameza mate mara moja, akameza mara ya pili. Ndipo akapiga ukelele, "Mwanjaa! Mwanangu Mwanjaa!" akatimka mbio.

Alipofika, Mkasiwe alikuwa mlangoni, anatabasamu, mara ya kwanza baada ya miezi. "Hakungoja hata iive," akasema. "Alichopoa kipande akala hivyo hivyo. Mimi nimelamba mwiko tu. Tazama, amelala."

Kweli, alikuwa amelala. Nisiseme mengi. Siku ya pili tumbo likamvimba. Siku ya tatu wakamzika.

Kule uwanjani kulungu alichomwa akawa majivu. Watu walilala njaa, lakini waliamka. Na njaa ilipowauma zaidi wakaja na fimbo kwenye kaburi la Mwanjaa, wamfukuze Mbelwa. Sekiondo akawazuia pale pale kaburini. Akamshika Mbelwa mkono, akawaita watoto wote wakae mbele.

"Sema, Mbelwa. Waambie uliona nini."

"Babu, nihurumie."

"Uliulizwa ukaficha. Sema leo."

Mbelwa akasema. Bandama ilikuwa kubwa hivi, akaonyesha kwa mikono. Ilikuwa nyeusi. Ilikuwa laini. Damu haikuganda. Mkasiwe alikuwa amesimama pembeni akisikia kila neno, na tangu siku ile hakumpikia tena.

Kila mwaka, msimu wa kuwinda ukifunguliwa, Mbelwa aliitwa kusema maneno yale yale. Alizeeka akiyasema. Sekiondo alikufa kwa uzee, na katika kijiji kile, baada ya Mwanjaa, hakuna mwingine aliyekufa kwa kimeta.

Wahenga walisema, mficha maradhi, kifo humuumbua. Wewe ukiulizwa, jibu mara ya kwanza. Ngano yangu inakomea hapo, nendeni mkalale.